Risasi gani kwa vichwa vya kusubu? Maswali ya walenga shabaha wa Mombasa

Maswali haya huulizwa kibandani wakati shabaha zinabadilishwa, huulizwa kwa simu usiku, na mengine yameulizwa kwenye foleni ya feri pale Likoni. Yamewekwa pamoja ili mtu asome kabla ya kutoa pesa. Yanawahusu wenye vyeti halali vya silaha wanaotaka kushindana kwa vichwa vya kusubu, meta 100 na 200, juu ya meza au kwa kulala kifudifudi.

Tuelewane kwanza. Risasi hapa ni kitu kizima: ganda, fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe na kichwa. Kichwa ni kile kinachoruka. Ule mchanganyiko laini tunaouyeyusha, ambao sehemu yake kubwa ni ledi (lead), nitauita madini.

Kwa nini nisubu vichwa wakati vya dukani vilivyovikwa shaba vipo?

Ukipiga mara mbili kwa mwaka, usisubu. Nunua vya dukani, urudi nyumbani mapema. Lakini anayetaka kufanya mazoezi kila wiki atakuta vichwa vya shaba vinaletwa kwa meli, bei haishikiki, na mara nyingine havipo kabisa. Kichwa cha kusubu hakichubui mtutu haraka, hupiga teke dogo, na kina mashindano yake. Marekani wanayo Cast Bullet Association, chama kinachoandaa mashindano ya vichwa vya kusubu peke yake, yadi 100 na 200, kwa makundi ya matundu matano na kumi. Wana daraja la bunduki za dukani, la bunduki nzito, la bunduki za kijeshi za zamani, na hata la vichwa vyenye kitako kitupu kisichovikwa kikofia cha shaba. Wana pia mashindano ya posta: kila mtu anapiga uwanjani kwake na kutuma shabaha zake zipimwe. Kanuni zao ni kielelezo kizuri hata kwa klabu ndogo ya Pwani.

Nipe jibu moja tu. Nichukue risasi ipi?

Kama unanunua bunduki mpya ya komeo: .308 Winchester. Kama tayari unayo .30-30 iliyo sawa, usiiuze. Kama una pesa ya kuagiza mtutu maalumu na subira ya kutengeneza maganda: .30 BR.

Ukitazama vizuri, zote tatu zina kipenyo kimoja, inchi 0.308. Hicho ni kipenyo chenye kalibu (vyombo vya kusubia vichwa) nyingi sana, kichwa chake ni kizito cha kutosha kupambana na upepo, na ni kikubwa kiasi kwamba dosari ndogo ya kusubu haikiyumbishi sana. Kichwa cha greni 170 hadi 210 (greni ni kipimo cha uzito) ndicho kazi yetu.

Mbona .308, na walimu wa zamani waliisema vibaya?

Waliisema kwa sababu ya shingo yake, yaani sehemu nyembamba ya ganda inayoshika kichwa. Risasi hii ilitoka 1952, ikatengenezwa fupi ili iingie kwenye bunduki fupi, na kilichokatwa ni pamoja na shingo: haifiki milimita 8, yaani ni fupi kuliko kipenyo cha kichwa chenyewe. Kichwa kirefu cha kusubu kikiingizwa humo, kitako chake hutokea chini ya shingo na kuning'inia ndani ya baruti. Wazee walihofia kwamba moto ungekichoma kitako kabla hakijaondoka, na kikofia cha shaba kingeweza kuchomoka na kubaki ndani ya ganda. Hofu hiyo ina msingi.

Dawa yake imeshajulikana: chagua kalibu ambayo kichwa chake kina pua ndefu inayoshikwa na mtutu wenyewe, ili kitako kibaki ndani ya shingo. Lyman 311299, ya takriban greni 200, ni mfano wa siku nyingi. Tarakimu tatu za kwanza ni kipenyo chake kwa elfu za inchi, 0.311, na tatu za mwisho ni namba ya umbo. Ukilijua hilo utasoma orodha ya kalibu zao bila kuuliza mtu.

Baada ya hapo .308 inabaki na faida tupu. Maganda yanapatikana, mitutu ni mizuri, bunduki nyingi za shabaha zimetengenezwa kwa ajili yake, na ganda lake si kubwa mno.

Kila mkikutana mnasema "ganda dogo, ganda dogo". Kuna nini?

Vichwa vya kusubu haviendi mbio. Wengi wetu hupiga kati ya meta 430 na 600 kwa sekunde, wakati .308 yenye kichwa cha shaba hupita 800 bila shida. Kwa mwendo huo baruti inayohitajika ni kidogo, nusu ya kawaida au pungufu. Ukiiweka kwenye ganda kubwa, baruti hulala chini na juu panabaki uwazi. Ukiinamisha bunduki imekimbilia mbele, ukiiinua imerudi kwenye fataki. Kila risasi inawaka kivyake, na kwenye shabaha unaona matundu yamejipanga wima, moja juu ya jingine.

Hilo ni la pointi tu. Kuna la hatari zaidi. Kipimo kidogo cha baruti ya haraka kinaweza kumwagwa mara mbili ndani ya ganda kubwa la .30-06 na usione chochote, kwa sababu vyote viwili vinaenea. Risasi hiyo ikiwaka inaweza kupasua bunduki usoni mwako. Kwenye ganda dogo, kipimo cha pili aghalabu hufurika mezani, na kama hakikufurika jicho litakiona. Ndiyo sababu mimi, hata mtu akinionyesha kundi zuri la .30-06, humwambia bado napendelea dogo. Na popote ulipo, weka maganda yote kwenye ubao wenye matundu, uyamulike kwa tochi moja baada ya jingine kabla ya kusimika kichwa chochote. Vipimo vya baruti chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji, si kwenye simu ya rafiki.

Nimesikia watu hujaza sufi juu ya baruti ili isitembee. Misufi tunayo tele huku.

Tunayo, na ibaki kwenye magodoro. Kujaza uwazi kwa sufi au pamba ni mtindo wa zamani, na wapo mabingwa walioutumia. Lakini kuna mitutu iliyovimba pete ndani ya chemba, yaani sehemu ya mtutu ambamo risasi hukaa, pale pale kitako cha kichwa kinapokaa, na kijazio kilichoachiwa uwazi nyuma yake ndicho mshukiwa wa kwanza. Chemba ikishavimba pete, ganda halitoki, na mtutu umekwisha. Badili baruti, au badili ganda.

Je, risasi ndiyo huamua shabaha, au mtutu?

Mtutu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Kichwa cha shaba ni kigumu, mtutu hukibana na kinakubali. Kichwa cha kusubu kikiwa chembamba kuliko mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, gesi ya moto hupenya pembeni, huyeyusha ubavu wake na kuyapaka madini ukutani mwa mtutu. Risasi chache baadaye kundi limetawanyika. Ndiyo maana kichwa hutakiwa kizidi kipenyo cha mifereji kwa elfu moja au mbili za inchi. Mtutu wa 0.308 unataka kichwa cha 0.309 au 0.310. Sasa, ukinunua kalibu kabla ya kupima mtutu, umenunua kiatu bila kujua mguu.

Kupima si kazi ngumu. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi, uchukue chubwi ndogo ya madini laini, ile ya mshipi. Hakikisha bunduki ni tupu, toa komeo, paka mtutu mafuta mepesi. Igonge chubwi mpaka inene kidogo kuliko tundu, kisha iingize mdomoni mwa mtutu kwa nyundo ya mbao na uisukume kwa ufito wa shaba. Mwanzoni inagoma, halafu inaachia, na kuanzia hapo mkono wako unasoma mtutu wote: pahali panapobana, pahali panapolegea, pahali penye kutu la zamani panapokwaruza. Mtutu mzuri huibana sawasawa mpaka mwisho, au hubana kidogo zaidi ukikaribia mdomo. Ikidondoka upande wa pili iokote kwa kitambaa, itazame mwangani. Utaona alama za mifereji zimechongeka ubavuni, safi na zenye kingo. Pima kwa maikromita kwenye alama zilizoinuka. Namba hiyo iandike ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki.

Baada ya mtutu ni koo, yaani sehemu kati ya chemba na mwanzo wa mifereji. Bunduki iliyopigwa sana huwa na koo lililoliwa, pana, na kichwa hulazimika kuruka uwazi kabla ya kushikwa. Kichwa laini kikiruka hivyo huingia upande. Mtu mwenye .308 ya koo lililochakaa ataaibishwa na mwenye .30-30 ya koo zima, halafu ataenda kulaumu ganda.

Msokoto wa mifereji unafaa uwe kiasi gani?

Wa polepole kuliko ulivyozoea. Kuna hesabu ya George Greenhill, Mwingereza, ya 1879: zidisha 150 kwa kipenyo mara kipenyo, gawa kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Kichwa cha 0.308 chenye urefu wa inchi 1.1 kinatosheka na mzunguko mmoja katika karibu inchi 13. Kikiwa na urefu wa inchi 1.25, kinataka kama 11.4.

Kuzidisha msokoto si bure. Kichwa kinachotoka kwa meta 610 kwa sekunde kwenye mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 10 kinazunguka mara 144,000 kwa dakika. Kwenye mtutu wa inchi 14 ni kama mara 103,000. Kiputo kidogo cha hewa kilichobaki ndani wakati wa kusubu kitakivuta kichwa pembeni kwa nguvu zaidi kadiri kinavyozunguka upesi. Kwa hiyo mwenye mtutu wa inchi 10 asikate tamaa, apunguze mwendo. Anayeagiza mtutu mpya aombe 12, au 14 kama atatumia vichwa vifupi.

Nina .303 ya zamani. Inafaa?

Inafaa, na inapendeza. Risasi ya .303 ilianza jeshini Uingereza 1888, na historia yake Afrika Mashariki kila mtu anaijua. Shingo si mbaya, mtutu una inchi 10 za msokoto, na vichwa virefu vizito vinaupenda.

Shida ni kwamba mitutu yake haifanani. Kwa jina ni vichwa vya 0.311 au 0.312, lakini mifereji ya 0.314 na zaidi si ajabu, hasa mitutu ya wakati wa vita. Fanya kipimo cha chubwi kabla ya lolote. Lyman wanayo 314299, ndugu mnene wa ile 311299, kwa ajili hiyo hiyo. La pili: chemba za jeshi zilichimbwa pana ili risasi yenye matope iingie, kwa hiyo ganda hunyooka kila linapopigwa na hukatika karibu na kitako. Libane shingo tu unapolirudisha umbo, usilikamue lote. Kwa mwendo wa vichwa vya kusubu maganda yatadumu.

Katika daraja la bunduki za kijeshi, ukiwa na macho mazuri, .303 itakupa burudani kuliko bunduki yoyote ya bei.

Baba mzee aliacha .375 ya kuwindia. Naweza kusubu vichwa vyake?

Kwanza, silaha ya marehemu hairithiwi kwa maneno ya baraza la familia. Kama haiko kwenye cheti chako, si yako. Ipelekwe kituo cha polisi, na taratibu za Bodi ya leseni za silaha zifuatwe.

Ukishapata cheti: inawezekana, ila si risasi ya mashindano. .375 H&H ya 1912 ilifanywa kwa nyati na tembo, na tangu uwindaji upigwe marufuku Kenya 1977 nyingi zimelala makabatini. Ganda lake ni kubwa sana kwa kazi yetu na kila kichwa kinakula madini mengi. Ipige mara moja moja kwa heshima ya mzee.

Na .30-06?

Shingo yake ya karibu milimita 10 ni bora kuliko ya .308. Ganda ni kubwa. Yote niliyosema juu ya kipimo cha baruti kurudiwa yanaihusu yeye kwanza. Kama unayo, itumie, ukichagua baruti inayojaza ganda kwa sehemu kubwa.

Mbona hamsemi kitu juu ya .223 na zile 6.5?

Kwa sababu zinachosha. Kichwa cha .22 ni kidogo, na kasoro ambayo kwenye .30 usingeiona, huku inakutoa nje ya duara. Upepo nao unakichezea. Za 6.5, kwa mfano 6.5x55 ya Waswidi yenye mzunguko mmoja kwa takriban milimita 200, zina msokoto wa kasi na vichwa vyembamba virefu vinavyopinda ukivisukuma. Wapo wanaoziweza. Ni watu wenye muda.

.45-70 na .32-40 je?

.45-70 ya Marekani, 1873, ilizaliwa wakati vichwa vyote vilikuwa vya madini matupu, kwa hiyo haihitaji kufundishwa. Ni rahisi kusubu, ni rahisi kujaza, inasamehe. Lakini kupiga mashindano ya matundu arobaini kwa kichwa cha greni 405 begani, kwenye joto letu la Februari, si starehe.

.32-40 ndiyo iliyotawala michezo ya kulenga ya karne ya kumi na tisa ikielekea ya ishirini, na ndiyo inayohusishwa na Harry Pope, fundi mitutu wa Marekani aliyekuwa akisukuma kichwa kupitia mdomoni na ganda nyuma. Mpaka leo wenye bunduki za risasi moja moja huipenda. Ni teke la upole na shabaha ya ajabu kwa yadi 200. Kupata maganda yake hapa ndio mtihani, na ndiyo sababu siipendekezi kwa anayeanza.

Hiyo .30 BR ina nini mpaka watu wanaiagiza?

Ni ganda fupi nene, urefu wake kama inchi moja na nusu, lililotokana na 6 mm BR kwa kupanuliwa shingo. Kwa kichwa cha kusubu, baruti inakaribia kulijaza, kila risasi inawaka sawa na jirani yake, na mitutu yake huchongwa kwa msokoto wa polepole tangu mwanzo. Katika daraja la bunduki nzito ni vigumu kuishinda.

Ubaya: hakuna risasi ya dukani ya kuazima. Ganda unalitengeneza mwenyewe, chemba ni ya kubana na inahitaji shingo zikwanguliwe kwa kipimo. Fundi akikosea hapo, hutapiga. Anza na .308, na siku ukiona kwamba ni bunduki inayokurudisha nyuma, si wewe, ndipo uandike barua ya mtutu.

.30-30 si bunduki ya wachunga ng'ombe wa sinema?

Ndiyo hiyo hiyo, ya 1895. Kwa vichwa vya kusubu ina karibu kila tunachotaka: shingo ndefu zaidi ya milimita 10, ganda la kiasi, na Winchester ya wenzo ya 1894 ina msokoto wa inchi 12. Ikiwa kwenye bunduki ya komeo au ya risasi moja moja yenye kitako kigumu, waheshimiwa wenye .308 hunyamaza. Kwenye bunduki ya wenzo yenye bomba la risasi chini ya mtutu, tumia vichwa vya pua bapa tu. Humo risasi hukaa pua ya moja ikigusa fataki ya nyingine, na pua iliyochongoka yaweza kuilipua.

Mie ni mwembamba, na bega langu lina historia. Teke litakuwaje?

Dada, huu ndio upande wako. .308 kwa kichwa cha greni 170 na mwendo wa meta 450 kwa sekunde hupiga teke pungufu sana ya ile ya dukani, na bunduki ya mezani huwa nzito, inameza lililobaki. .30-30 vivyo hivyo. Usikubali kuuziwa .22 kwa kuambiwa ni "ya wanawake".

Upepo wa kusi unabadilisha uchaguzi?

Unabadilisha. Kichwa kinachokwenda polepole kinakaa hewani muda mrefu zaidi, na kusi la Juni hadi Agosti halina huruma kwenye meta 200. Hapo kichwa cha greni 200 chenye pua ndefu hulipa gharama yake. Wakati wa kaskazi, asubuhi mapema, hata kichwa kifupi cha greni 150 kinaweza kushinda. Klabu ikipanga ratiba, mechi za meta 200 zianze saa moja asubuhi. Kufikia saa nne bendera zimeshaanza kuchapa.

Madini nitoe wapi?

Vyuma vidogo vya kubalansi magurudumu ndivyo chanzo cha kawaida. Vile vya zamani ni madini yenye antimoni kiasi cha asilimia nne hivi na bati chembe, ugumu wa kutosha kwa mwendo wetu. Siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, madini matupu kwenye 327, kwa hiyo usipokipandisha chungu moto sana zinki itaelea juu na utaikwangua. Ikishachanganyika, kalibu haijai vizuri tena. Herufi za chapa, zile za mashine za uchapaji za Linotype zenye asilimia 12 ya antimoni na 4 ya bati, ni dhahabu ukizipata. Chubwi ni laini mno peke yake, ila inafaa kuchanganyia.

Betri za gari, kamwe. Sahani zake hubeba asidi, na zikichomwa takataka zake zinaweza kutoa gesi za kuua. Na sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuhubiriwa. Owino Uhuru iko hapa hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha kijiji, watoto kwa wazee. Phyllis Omido alipata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015 kwa kupigania wakazi hao, mahakama ya mazingira ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Sumu ile ndiyo iliyo kwenye chungu chako. Subu nje penye upepo, mbali na jiko, na watoto wasisogee. Usile wala kuvuta sigara hapo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Wenye kupiga sana wapimwe damu.

Na jasho: tone moja likidondokea ndani ya chungu hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni. Kwa hali yetu ya hewa hili si jambo la kufikirika. Funga kitambaa kipajini, vaa miwani, mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kandambili ziache mlangoni.

Grisi na kikofia cha shaba ni lazima?

Grisi ni lazima kwa kichwa kisichopakwa kitu kingine. Mchanganyiko wa nta ya nyuki umedumu kwa sababu unafanya kazi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 na kitu, lakini hulegea mapema sana, na gari lililofungwa madirisha juani litaifikisha huko. Grisi ikiteremka hadi kwenye baruti, risasi inakuwa bubu au dhaifu, kichwa kinakwama mtutuni, na ole wako ukipiga ya pili nyuma yake. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama, toa komeo, tazama mtutu kutoka nyuma. Risasi zibebwe kwenye kikasha cha barafu bila barafu.

Kikofia cha shaba kitakoni kinahitajika ukipita takriban meta 430 kwa sekunde. Chini ya hapo kitako kitupu kinatosha.

Naweza kuchanganya vichwa vya shaba na vya kusubu siku moja?

Usichanganye. Mabaki ya shaba mtutuni hukwangua madini. Safisha mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya kijani au buluu, ndipo uanze. Na kabla ya kufunga sanduku jioni, mafuta tena, kwa sababu hewa ya chumvi haingoji Jumatatu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bunduki na risasi ni kwa cheti, na cheti kinataja silaha gani na risasi kiasi gani. Kutengeneza risasi ni jambo jingine na sheria inalitazama kwa jicho lake. Usinunue hata kalibu kabla hujapata jibu la Bodi ya leseni kwa maandishi, na uagizaji wa kitu chochote kupitia bandarini uwe na karatasi zake kabla mzigo haujapakiwa. Pale ambapo klabu inaruhusiwa kufanya kazi hiyo chini ya mtu mwenye leseni, fanyia hapo.

Nimefuata yote, kundi bado limetawanyika. Nibadilishe risasi?

Bado. Pitisha kitambaa kikavu mtutuni kwanza. Kikitoka na vipande vya kijivu vinavyong'aa, vyembamba kama karatasi ya sigara, madini yanaganda: kichwa ni chembamba, au grisi imekwisha njiani. Vikiwa karibu na chemba, tatizo ni kipenyo. Vikiwa karibu na mdomo, grisi. Kitambaa kikiwa safi, tazama matundu kwenye shabaha. Tundu la mviringo kamili ni kichwa kinachoruka sawa, basi angalia skrubu za kitako, vishikio vya darubini, na kidole chako. Tundu lenye umbo la yai ni kichwa kinachoyumba: kimepinda, ni kirefu kupita msokoto wako, au kina kiputo. Pima vichwa kumi kwenye mizani ya greni. Vilivyo vyepesi kuliko wenzao virudishe chunguni. Halafu punguza mwendo kwa hatua ndogo bila kushuka chini ya kipimo cha kitabu, upige matundu kumi kila hatua, maana matano yanadanganya.